Fukusi wa gugu karoti: mwongozo kamili wa kumfuata tangu yai hadi anapotoka udongoni

Ukilikuta gugu karoti limenyauka peke yake ilhali udongo una unyevu na mengine ya pembeni yamesimama imara, usilipite. Ling'oe, kisha lipasue shina kwa urefu. Ukiona ndani njia iliyojaa unga wa kahawia, kama ule wa mahindi yaliyobunguliwa, na mwishoni mwa njia hiyo amejikunja buu mweupe asiye na miguu, basi fukusi yuko kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachokula gugu hili kimo ndani ya shina lake.

Fukusi ninayemzungumzia hana undugu wa karibu na wale wa ghalani, ingawa pua ni ileile. Jina lake la kisayansi ni Listronotus setosipennis, na asili yake ni Argentina na Brazil. Australia ilimwachilia katika malisho ya Queensland mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili alipunguze gugu karoti. Afrika Kusini ilimwachilia mwaka 2013, na kutoka huko akapelekwa Ethiopia, ambako alianzia kwenye karantini ya Ambo. Wapo fukusi wengine wanaokula magugu ya malisho duniani. Nimemchagua huyu kwa sababu gugu analolila tunalo: liliripotiwa Arusha mwaka 2010, Uganda walikuwa wamekwisha kuliona, na Masai Mara limeingia. Wasomali wanaliita kwa jina lenye maana ya mmea unaoishi peke yake, na aliyeona malisho yaliyomezwa nalo haulizi jina hilo limetoka wapi.

Kabla hatujaanza, jambo moja. Mwongozo huu unakufundisha kumtambua na kumfuatilia, haukupi ruhusa ya kumbeba kwenye chupa na kuvuka naye mpaka. Mdudu hai wa kutoka nje anahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, ambayo kwa Tanzania ni TPHPA na kwa Kenya ni KEPHIS. Sababu yake nitaieleza nikifika kwenye alizeti.

Picha nzima kwanza

Fukusi huyu anahama nyumba. Yai liko kwenye ua, buu yuko ndani ya shina, pupa, yaani buu anayegeuka kuwa mdudu kamili, yuko udongoni, na mdudu kamili anatembea usiku. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya kazi. Watu wengi huenda malishoni saa sita mchana, wakageuza majani mawili matatu, wasione kitu, wakarudi na taarifa kwamba wadudu wamekufa. Wamemtafuta sebuleni mtu aliyelala chumbani.

Kutoka yai hadi mdudu kamili ni takriban wiki tano hadi sita kukiwa na joto. Penye baridi muda huo hurefuka.

Hatua ya 1: Hakikisha mmea ndio wenyewe

Majani yamechanikachanika kama ya karoti. Mmea mchanga hutandaza majani chini kwa duara, kisha shina hupanda, likagawanyika matawi juu na kufika hata mita moja na nusu. Shina lina mifereji ya wima na vinyweleo. Maua ni vichwa vidogo vyeupe, vipana kama milimita nne. Kiangalie kichwa kimoja kwa lenzi: utaona pembe tano ndogo ukingoni, na kila pembe hubeba mbegu moja. Mbegu tano kwa kichwa zinaonekana chache mpaka uhesabu vichwa. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi.

Jina la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Litumie unapoandika kumbukumbu, maana jina la gugu karoti wengine huwapa mimea mingine yenye majani ya aina hiyo.

Hatua ya 2: Jikinge

Mmea huu una sumu iitwayo parthenini. Ngozi huwasha na kutoka vipele, na wenye pumu hubanwa na kifua. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuushika miezi kadhaa bila kudhurika, halafu siku moja mwili ukaukataa, na kuanzia hapo hata kupita karibu yake ni taabu. Kwa hiyo vaa glavu, shati la mikono mirefu na suruali. Vaa barakoa pia ukiwa katikati ya maua mengi. Usijifute jasho usoni kwa glavu uliyong'olea magugu.

Ng'ombe na mbuzi wakikosa nyasi huula, na maziwa hutoka machungu. Wafugaji hili wanalijua kuliko vitabu.

Hatua ya 3: Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta kisu kidogo chenye makali, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kibano laini, chekeche la matundu madogo, koleo dogo la bustani, tochi, bakuli jeupe la plastiki, vichupa vyenye spiriti, daftari na penseli. Nasema penseli kwa sababu wino na spiriti havipatani. Nimeona lebo za wiki nzima zikigeuka maji ya bluu. Ongeza vigingi vinne na kamba ya kupimia mraba wa mita moja kwa mita moja.

Hatua ya 4: Mtafute mdudu kamili, usiku

Nenda jua likishazama. Weka bakuli jeupe chini ya tawi lenye maua, kisha ligonge tawi mara mbili tatu. Fukusi akishtuka hukunja miguu, akaanguka na kujifanya amekufa. Usiharakishe kumwaga bakuli. Ngoja dakika moja, naye ataanza kutembea.

Ni mdogo, kama milimita tano, wa rangi ya udongo, na magamba yaliyomfunika hunasa vumbi hadi ukamdhania ni punje ya mchanga. Kichwa kimerefuka mbele kuwa pua, na vipapasio vyake vinaota juu ya pua hiyo vikiwa vimepinda kama kiwiko. Mdudu asiye na pua ya namna hiyo ni mwingine.

Huyo mwingine huenda akawa Zygogramma bicolorata. Naye amepelekwa nchi kadhaa kwa ajili ya gugu hilihili, lakini ni wa mviringo, rangi ya malai na michirizi ya kahawia mgongoni, na hula majani mchana kweupe. Akiwapo utamwona kwa urahisi, majani yatakuwa yamebaki vijiti. Yupo pia fukusi wa pili, Smicronyx lutulentus, wa milimita mbili tu, ambaye buu wake hukua ndani ya mbegu. Usiwachanganye kwenye daftari, maana kila mmoja huua sehemu yake ya mmea.

Mchana fukusi wetu hujificha kwenye takataka za majani na nyufa za udongo chini ya shina. Unaweza kumchekecha hapo, lakini tochi ya usiku inakupa matokeo mazuri kwa jasho dogo.

Hatua ya 5: Tafuta yai kwenye ua

Hapa ndipo wengi huchoka, na ndipo utamu wa kazi ulipo. Jike hutoboa ua kwa pua yake, huingiza yai moja, kisha huziba tundu kwa tone la kinyesi chake ambalo hukauka na kuwa jeusi. Yai lenyewe hutaliona kwa macho matupu, lakini kile kidoa cheusi juu ya ua jeupe utakiona. Kwa hiyo tafuta doa.

Chuma vichwa 100 vya maua kutoka mimea tofauti, angalau kumi, vimwage kwenye bakuli na upitie kimoja kimoja kwa lenzi. Chenye doa kifungue kwa ncha ya kibano. Ukiona yai, andika. Ukikuta doa bila yai, andika vilevile, kwa sababu maua yana ukungu na uchafu wa kila aina, na wewe unataka kujua jicho lako linakudanganya mara ngapi.

Yai huanguliwa baada ya siku chache. Tangu hapo saa inahesabu.

Hatua ya 6: Mfuate buu ndani ya shina

Buu aliyeanguliwa hakai kwenye ua. Hutoboa na kuingia kwenye kijitawi, anateremka akila nyama laini ya katikati ya shina, anaingia shina kuu na kuelekea chini karibu na shingo ya mzizi. Nyuma yake anaacha unga wa kinyesi umeshindiliwa. Ndiyo maana ukipasua kipande cha juu tu utakuta njia tupu na kudhani amekufa. Amehamia chini.

Pasua hivi: ng'oa mmea na mizizi yake, kata majani, lalisha shina kwenye ubao, anza kukata chini kwenye shingo ukielekea juu. Kisu kiingie robo tu ya unene, halafu lipanue shina kwa vidole. Ukilikata lote kwa mkupuo utamkata na buu.

Utakayemwona ni mweupe wa krimu, amejipinda kidogo, ana kichwa cha kahawia, na hana miguu kabisa. Sisitiza hapo kwenye miguu. Katika nchi ambako wameachiliwa nondo wa kula shina la gugu hili, kiwavi wa nondo naye hukaa humohumo, lakini ana miguu midogo mitatu kila upande nyuma ya kichwa, na shina alimo mara nyingi huvimba kama fundo. Shina lenye fukusi halivimbi hivyo. Na sehemu ambayo hujasikia fukusi huyu ameachiliwa, usitangaze kwamba umempata kwa sababu tu umeona buu asiye na miguu, kwani wapo wadudu wengi wenyeji wanaotoboa mashina. Mhifadhi kwenye spiriti, mpeleke kwa wataalamu wa wadudu.

Mmea mchanga ulioingiliwa na mabuu kadhaa hufa. Mkubwa wenye shina nene huweza kuvumilia, ukadumaa na kutoa maua machache. Hilo la pili halionekani kwa anayepita barabarani, ila kwa malisho lina uzito wake, maana mmea uliodumaa umepunguza mbegu za msimu ujao.

Hatua ya 7: Chimba upate pupa

Buu akishiba hutoboa shina karibu na ardhi, hutoka, akaingia udongoni na kujitengenezea kijichumba cha udongo. Humo anageuka pupa. Tafuta tundu la duara karibu na shingo ya mzizi. Ukiliona na shina ni tupu, shika koleo. Chukua udongo uliozunguka mzizi, sentimita chache kwenda chini, ukiwa mkavu kidogo ili usigandamane, uchekeche polepole. Pupa ni mweupe, laini, na ukimtazama vizuri utaona pua na miguu vimekunjwa kifuani kama mtu aliyelala kwenye baridi. Usimminye kwa kibano. Mnyanyue pamoja na udongo wake.

Hatua hii ndiyo inayoeleza kwa nini plau ni adui wa fukusi huyu. Shamba linalolimwa kila msimu huvunja vile vijumba. Malisho, kingo za barabara na maeneo yaliyoachwa bila kulimwa ndiyo nchi yake.

Hatua ya 8: Weka kalenda yako

Tuseme mvua za masika zimeanza tarehe 15 Machi. Gugu karoti huota na kuanza kutoa maua ndani ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo maua ya kwanza utayaona kati ya katikati na mwisho wa Aprili. Jike akitaga tarehe 25 Aprili, watoto wake watatoka udongoni kati ya mwisho wa Mei na wiki ya kwanza ya Juni. Wakati huo masika yanaishia, na mimea ya kwanza imekwisha kumwaga mbegu.

Umeona tatizo? Gugu linatangulia. Fukusi wachache waliovuka kiangazi hawawezi kulifikia wimbi la kwanza lote. Wanalifikia la pili, kama mvua itaendelea, au kama kuna bonde lenye unyevu linaloweka mimea ya kijani hadi Julai. Ndiyo maana naonya dhidi ya ahadi za msimu mmoja. Anayekuambia wadudu watamaliza gugu kabla ya Krismasi, muulize kama amewahi kupasua shina.

Sifa kubwa ya fukusi huyu ni subira. Mdudu kamili anaweza kuishi miezi mingi, akajibanza ardhini wakati wa ukame na kungoja mvua inayofuata. Kwa nchi kavu zenye mvua zisizotabirika, sifa hiyo ina thamani kuliko ulafi wa mdudu anayemaliza majani wiki mbili kisha akatoweka.

Hatua ya 9: Kumlea kwenye kizimba (kwa wenye kibali tu)

Panda gugu karoti kwenye vyungu vyenye udongo uliochekechwa, laini, wa kina cha kutosha. Yakianza kuchanua, yaweke ndani ya kizimba cha wavu mdogo na uingize fukusi, jozi chache kwa kila mmea. Waache wiki moja watage, kisha wahamishie mimea mipya. Mimea iliyotagiwa iandikie tarehe, na usiikate hata ikinyauka mpaka wiki sita au saba zipite, kwa kuwa mali iko ndani ya shina na chini ya udongo.

Maji ni mtihani. Ukimwagilia sana, ukungu unaua pupa. Udongo ukikauka kabisa, buu hawezi kutengeneza kijumba. Mimi hupendelea kumwagilia kupitia sahani chini ya chungu.

Halafu kuna siafu na sisimizi. Usiku mmoja tu unatosha kuondoka na kazi ya miezi miwili. Weka miguu ya meza kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, na uhakikishe hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta. Kamba hiyo ndiyo daraja lao.

Hatua ya 10: Alizeti, na kwa nini karantini

Gugu karoti liko kwenye ukoo mmoja na alizeti. Kabla mdudu wa aina hii hajaachiliwa, hufungiwa na mimea mingine ya ukoo huo bila chakula chake cha kawaida, ionekane kama atakula na kuzaa. Ethiopia walikuwa na hofu ya ziada juu ya nugi, zao lao la mafuta, nalo likaingizwa kwenye majaribio. India waliachilia yule Zygogramma mwaka 1984, na baadaye alipoonekana akitafuna alizeti palizuka mabishano makubwa, ingawa alizeti haikugeuka kuwa chakula chake cha kuzalia. Ugomvi huo ulitosha kuwafundisha wengine kupima kwanza na kuhoji sana. Fukusi wetu amepimwa katika nchi zaidi ya moja, lakini vipimo vya nchi nyingine haviwi kibali kwako.

Hatua ya 11: Kuachilia na kufuatilia

Chagua eneo ambalo mwenyewe, au kijiji, amekubali kutolilima, kutolichoma moto na kutolipiga dawa kwa misimu kadhaa. Makubaliano haya ni magumu kuliko kazi yote ya kizimba, na nakushauri uyafanye kwa maandishi mbele ya wazee. Achilia jioni, chini ya mimea inayochanua, wadudu wengi mahali pamoja. Ukiwatawanya watano hapa na watano pale, majike na madume hawatakutana.

Kabla hujaachilia, piga picha ukiwa umesimama kwenye kigingi kimoja na kuelekea upande uleule utakaorudia kila mara. Hesabu magugu ndani ya mraba wa mita moja mara kumi. Kila baada ya wiki tatu pasua mashina 50 na uandike mangapi yana buu au njia yake. Mashina 18 kati ya 50 ni asilimia 36. Fanya vivyo hivyo kwenye eneo la pili ambako hukuachilia, vinginevyo mwaka wa mvua haba utakupa sifa usiyostahili.

Usimwachie fukusi peke yake. Malisho yaliyochungwa hadi udongo ukawa wazi yatarudiwa na gugu hata ukileta wadudu gunia. Pumzisha eneo, panda nyasi zinazoshika ardhi haraka kama Cenchrus ciliaris, na bustani ya nyumbani ng'oa kwa mkono kabla ya maua. Nyumbani hatumhitaji fukusi, tuna mikono.

Mashina uliyopasua yasiyo na maua yaache palepale, huenda buu mmoja akapona. Yenye maua na mbegu yafunge kwenye mfuko. Na kabla hujapanda gari au pikipiki, kung'uta viatu, kwangua tope kwenye soli na matairi, angalia na mikunjo ya suruali.